Mafuta ya Kufuli la Mashua

Kisa hiki alinisimulia mjukuu wangu mwenyewe likizo iliyopita, siku mvua ilipotufungia jikoni tukichambua maharagwe. Nyumbani wanamwita Chiriku, kwa sababu kinywa chake hakijui kupumzika. Nakiandika kama alivyokisema, ila pale alipojipendelea nimemnyoosha kidogo.

Mama yake Chiriku anavusha watu mto kwa mashua ndogo ya mbao. Kila asubuhi hushuka mtoni na makasia begani, na Chiriku humfuata nyuma, ufunguo ukining'inia shingoni kwa uzi. Mashua hufungwa kwa mnyororo. Mnyororo hupita kwenye pete ya chuma iliyo ubavuni mwa mashua, huzungushwa kwenye nguzo, kisha hutiwa kufuli.

Kufuli lao la kwanza lilikuwa la chuma, kubwa, likimeremeta kama sufuria mpya. Mama alilinunua kwa ukubwa wake. Unyevu wa mto ukalila kutu, na asubuhi moja wakakuta limevunjwa kama biskuti na mashua haipo. Waliiokota mbali, imekwama kwenye matete, makasia yamekwenda. Ndipo mama akanunua la shaba, dogo la kuenea kiganjani.

"Mama, hili si la sanduku la nguo?" kaka yake Chiriku alicheka.

"Lile lilikuwa na kimo, hili lina akili," mama akajibu. "Shaba haishiki kutu kama chuma. Lakini nalo linataka kutunzwa."

Kazi ya kulitunza alipewa Chiriku. Kila mwisho wa wiki alisuuze kwa maji safi litoke mchanga, alikaushe, kisha alitie tone la mafuta ya cherehani, na akilifunga tundu la ufunguo litazame chini ili mvua isiingie. Mafuta yalitoka kwa jirani yao mshonaji, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Cherehani. Ila mama huyu macho yamepungua nguvu. Mtoto akifika kwake hatoki bure, lazima kwanza amtungie uzi kwenye sindano, na sindano zake haziishi.

Chiriku alikwenda mara mbili tatu, akachoka. Jikoni kulikuwa na kikombe cha mafuta yaliyobaki baada ya kukaanga. Mafuta ni mafuta, akajiambia. Akachovya kijiti, akalidondoshea kufuli, likawa laini siku ile ile. Jioni mama alipouliza, "Umetia mafuta?" alijibu, "Nimetia, mama." Mama akaridhika. Na yeye Chiriku akajiona hajasema uongo.

Ikafika asubuhi ya mtihani wa mwisho wa kaka yake. Shule iko ng'ambo, na daraja liko mbali mno kwa miguu. Walishuka mtoni mapema, kaka kavaa shati lililopigwa pasi, penseli mbili mfukoni. Wenzake nao walikuwa wamekwisha fika, wanasubiri kuvushwa.

Chiriku akatia ufunguo. Ukaingia nusu, ukagoma.

"Usukume," kaka akasema.

"Nasukuma!"

"Unabembeleza. Lete hapa."

Kaka akausukuma ukaingia wote, lakini kuzunguka ukakataa. Akajaribu kwa mkono wa kulia, akajaribu kwa wa kushoto. Mama akaweka makasia chini, akajaribu naye hadi vidole vikawa vyekundu. Kufuli kimya, kama mtu aliyenuna.

"Chiriku, hili kufuli ulilitia mafuta?"

"Nililitia, mama."

"Basi mwenye duka ametuuzia takataka!" Mama akapandisha sauti. "Nitamwendea leo hii. Anasema shaba, shaba, kumbe bati limepakwa rangi!"

Akalimwagia maji ya mto, akidhani ni mchanga. Likazidi kukaza. Mmoja wa wale wanafunzi akasema, "Mama, tuvute nguzo." Wakaivuta wote, nguzo isitikisike, maana mama mwenyewe ndiye aliyeichimbia na alichimba kweli. Mwingine akasema, "Tukate mnyororo." Kwa kitu gani? Kwa meno? Ng'ambo, kengele ya kwanza ikalia, na sauti yake ikaja juu ya maji wazi kabisa.

Kaka akatupa mkoba chini. "Mwaka mzima nasoma kwa ajili ya leo! Mwaka mzima, halafu nishindwe na kitu kidogo kama yai!" Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, naye si mtu wa kulia. Akaokota jiwe ili augonge ufunguo uzunguke kwa nguvu.

Chiriku akasogea karibu. Aliuona ufunguo umeanza kupinda. Ukikatikia humo ndani, ndiyo basi.

"Usigonge!" akapiga kelele. "Si kosa la kufuli. Nilitia mafuta ya kukaangia."

Wote wakamgeukia. Mama akalichukua lile jiwe mkononi mwa kaka. Kisha akasema taratibu, na utaratibu ule ulimuuma Chiriku kuliko kofi: "Kimbia kwa Mama Cherehani. Mwambie hivyo hivyo ulivyosema."

Alikimbia hadi kifua kikawaka moto. Mama Cherehani alimsikiliza mlangoni, sindano mdomoni, akaitoa.

"Mafuta ya chakula? Mwanangu, yale yakikaa huganda kama gundi, halafu yanashika kila chembe ya mchanga. Hata cherehani yangu iliwahi kufanyiwa hivyo na mtu mwenye haraka kama wewe. Shika haya mafuta ya taa. Mimina, subiri, gonga kidogo kwa ubao, si kwa jiwe. Na sindano zangu zinakungoja jioni."

Mama akamimina mafuta ya taa kwenye tundu. Kusubiri kulikuwa kugumu kuliko kukimbia. Kaka akitazama ng'ambo, mama akitazama kufuli, Chiriku hajui atazame wapi. Tone jeusi lenye mchanga likachuruzika. Mama akagonga kwa mpini wa kasia, akageuza ufunguo polepole. Kufuli likasema, "ka!" na kufunguka.

Hakuna aliyeshangilia, walirukia mashuani. Mama alipiga makasia kama anayefukuzwa. Waliingia darasani kengele ya pili ikilia, wa mwisho akiwa kaka, suruali imelowa hadi magotini.

Jioni, Chiriku alipotoka kutunga sindano, alimkuta mama mlangoni na kufuli mkononi.

"Kosa la mafuta ningelisamehe," mama alisema. "Lakini ulinijibu nusu, nami nikahangaika na nusu hiyo asubuhi nzima. Nikamtukana mwenye duka, nikamwaga maji, kaka yako akashika jiwe. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kazi ukiifanya ovyo, sema mapema, tutaitengeneza. Ukificha, huharibikiwi peke yako. Kesho utakuja nami dukani, nikamtake radhi mwenye duka."

Chiriku akalisuuza kufuli, akalikausha, akalitia tone lake, kisha wakashuka mtoni kuifunga mashua.

Taa ilipozimwa, kaka alikuwa anakoroma. Mama akauliza gizani, "Umetia mafuta?"

"Nimetia, mama. Ya cherehani. Tone moja, ila jingine lilimwagika kwenye mkeka wako."

Mama akacheka kidogo, akajifunika, akalala. Chiriku akaushika ufunguo shingoni, naye usingizi ukamchukua.