Kidole cha Kifungo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kifungo alifagia kibanda cha mama yake fundi cherehani, akapanga nyuzi, kisha akaleta mashine ndogo ya kupimia sukari ya damu. Jina la Kifungo alipewa kwa udogo wake, lakini mambo yake hayakuwa madogo hata kidogo. Mama alikuwa mjamzito, na kisukari kilimwandama tangu kabla ya mimba.

Siku moja, baada ya kipimo, damu ya kidole cha mama ilichafua shati jeupe la sare la mteja. Mwenye shati aligomba mpaka mama akatokwa na machozi. Kesho yake Kifungo aliona mama anaumwa vidole na kazi imerundikana. Akamhurumia, akajitoboa kidole chake badala ya cha mama. Namba ikatoka nzuri. Mama akasita, kisha akasema, "Basi, leo tu."

Lo, leo tu hiyo ikaota mizizi! Kila kliniki mkunga alifungua kumbukumbu ya mashine, akaona namba nzuri tupu, akampongeza mama na kumwachia dawa zilezile.

Ikafika siku ya picha ya tumbo, Kifungo akamsindikiza mama. Mtaalamu wa picha akamwita mkunga. Kuta za moyo wa mtoto zilikuwa zimenenepa.

"Sielewi," mkunga alimwambia mama. "Hivi huwa sukari ya mama ikiwa juu, lakini yako iko sawa."

Kifungo akamtazama mama, mama akainamisha kichwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa wa kuumbuliwa hata hajazaliwa!

"Si damu ya mama," Kifungo akasema. "Ni yangu."

Mkunga alimpima mama palepale. Namba ilitisha, mama akalazwa siku hiyohiyo. Kifungo akapelekwa kukaa kwa shangazi yake. Aliamini amemuua mdogo wake. Huko wodini dawa zilibadilishwa, mama akawa anatobolewa kidole chake mwenyewe, na sukari ikashuka polepole.

Mtoto alizaliwa hai, lakini akipumua kwa shida. Ilipita miezi ya hofu kabla ya daktari kusema moyo umetengemaa. Siku hiyo mkunga alimwita Kifungo kando.

"Ulisema kweli, mwanangu, ndiyo maana tuliwahi. Si kila mtoto hupata bahati hii. Kipimo hakipo kutufurahisha. Wewe ulimhurumia mama, mama akaihurumia kazi. Mtoto hakuwa na wa kumhurumia."