Mwisho Uliofungiwa Karanga

Mchana ule Mwanaasha aliitika "abee" mara mbili: mara ya kwanza kwa mdomo wake, ya pili sauti yake ikatokea ukutani.

Bibi yake, Bi Mwanvita, akasonya, akajifanya hakusikia. Zilikuwa siku za ruksa, kila mtu ameruhusiwa kuuza chake, mabasi yamejaa pale kituoni Mikese, na muuza karanga asiye na karatasi za kufungia ni mtazama abiria tu. Katika mzigo wa makaratasi makuukuu ya kufungia alikuta kitabu. Akaanza kuchana kurasa za mwisho, maana ndizo zilizokuwa safi. Zilizobaki akazisoma mjukuu: riwaya ya vijana, msichana yumo ndani ya nyumba ambayo kila mlango akifungua, anaingia chumba kilekile.

Siku ya tatu Mwanaasha akasema hawezi kutoka, mlango haupo. Mlango ulikuwa wazi, kuku wanapita. Bibi akamkokota hadi kizingitini. Mguu aliotoa nje ukatua ndani.

Mganga Mikidadi akaja, akafukiza ubani, ukanuka karanga zilizoungua. Akanong'ona kwamba jini huyu hakumpanda binti kichwani, amemfungia ndani ya hadithi, na hadithi isomwe kwa sauti hadi neno la mwisho. Ikikatwa njiani, binti harudi tena.

"Mwisho wenyewe uko wapi, Bi Mwanvita?"

"Nimewafungia abiria karanga."

Bibi akashinda mitaroni kituoni akipekua takataka, hadi akaupata ukurasa wenye neno MWISHO, umelowa mafuta na chumvi. Mwanaasha akaona karatasi tupu. Basi akasoma bibi, aliyeacha kisomo cha watu wazima kwenye silabi, kidole kikitambaa, m-la-ngo u-ka-fu-ngu-ka, harufu ya kuungua ikipanda, kuta zikichakarika kama zinafunuliwa mojamoja, Mikidadi amerudi kinyumenyume hadi uani, na Mwanaasha akainuka, akatoka pekupeku, ndipo kidole kikafika kwenye jina pekee ambalo bibi hakuwahi kuhitaji kulitamka kwa silabi.

Kidole kikasimama hapo.

"Bibi, acha hapo," Mwanaasha akanong'ona kutoka nje. Mguu wake mmoja ulikwishaanza kurudi ndani.

"Kageuze karanga, zinaungua."

Akasoma. Mwanvita a-ka-ba-ki.

Mwanaasha alipochungulia, mlango ulikuwa wazi, kuku wanapita. Ndani hamna mtu. Akaita bibi, taratibu, mara tatu.

Ukutani mtu akasonya.