Walimzika Mume Wangu, na Hakuna Aliyeona

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mjane, mama wa watoto wawili, mkubwa anaitwa Mutale. Na ni polisi. Najua neno hilo la mwisho limeshawafanya baadhi yenu mkunje uso. Kunjeni tu! Nimezoea kukunjiwa nyuso kuliko nilivyozoea kusalimiwa.

Nafanya kazi Nchelenge, kando ya ziwa Mweru, upande wa Zambia. Baba yangu ni mtu wa hapahapa, msemaji wa Kibemba. Mama yangu alivuka kutoka Pweto, upande wa Kongo, akiwa msichana, ndiyo maana Kiswahili ninacho tangu utotoni. Kwa ajili ya Kiswahili hicho wakubwa wangu waliniweka kaunta. Wachuuzi wa samaki wakitoka ng'ambo, wakimbizi wa kambi ya Kenani wakija kushitaki, mimi ndiye wa kuwasikiliza.

Na nimewasikiliza... Mungu wangu, nimewasikiliza! Polisi mnachelewa. Polisi mnakula rushwa. Polisi mmemkamata asubuhi, mchana tumemwona anakunywa pombe. Sikatai, wamo kati yetu wenye mikono michafu, nami nawadharau kama mnavyowadharau ninyi. Lakini nawauliza: mnajua kwa nini watuhumiwa wengi tunawaachia?

Anakuja mtu, shati limechanika, damu puani. Amepigwa sokoni, mchana kweupe. Namwuliza nani aliona. Ananishangaa. "Bantu bote baliona!" Haya, naenda sokoni. Loo! Soko zima limepofuka. Mwuza nyanya alikuwa ameinama. Fundi wa simu alikuwa msalani. Mwuza mihogo naye msalani. Wenye mitumbwi wote msalani! Choo cha soko lile kina mlango mmoja, sijui walienea vipi.

Sasa huyo mpigaji nimpeleke kwa hakimu na nini? Na harufu ya samaki? Sheria haimfungi mtu kwa minong'ono. Namwachia. Na walewale waliokuwa msalani, jioni wanasema polisi wamekula.

Zamani nilikuwa nayacheka mambo haya. Nilikuwa nacheka na mume wangu, Mulenga, nikirudi nyumbani. Sasa sicheki... kwa sababu ilifika siku ambayo mwenye kuyahitaji macho yenu nilikuwa mimi. Nilihitaji jambo dogo, ambalo hata mke wa mwizi hanyimwi: kumzika mume wangu.

Mulenga alikuwa mvuvi wa chisense, dagaa wetu wa ziwani. Mtu mpole, hakuwahi kuninyanyulia hata sauti. Wenzake walimtania kwamba akichelewa kurudi atalala mahabusu. Halafu tumbo lake likaanza kuvimba. Daktari wa hospitali alituambia wazi kwamba ini limeharibika na haliponi. Mdogo wake, Kabwe, alikuwamo chumbani, akasikia kwa masikio yake. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Alielewa nini!

Huyu Kabwe lazima niwaeleze vizuri. Kwetu huku kuna mambo ya jeneza. Mtu akifa, hata kama amekufa kwa uzee, wapo wanaosema jeneza lake litamtafuta aliyemwua. Wanaume wanalibeba mabegani, ati linawasukuma, linakimbia nao huku na kule mpaka linamgonga mtu au mlango wake. Aliyegongwa ndiye mchawi. Nyumba inachomwa, na mwenyewe akiwa na bahati anatoka na roho yake. Na ajabu ya majeneza haya, sijawahi kuona moja likimgonga mwanamume mwenye ndugu wengi! Yanapenda wazee wapweke, wajane, na wageni waliotoka ng'ambo. Akili gani hiyo ya ubao na misumari?

Kabwe alikuwa mbebaji hodari. Alikuwa akiitwa hata vijiji vya mbali, kama fundi.

Miezi michache kabla Mulenga hajafa, jeneza lilimgonga mzee mmoja katika kijiji cha upande wa Kafutuma. Tulikwenda na gari la kituo, tukamtoa mzee akiwa hai. Kabwe nilimtia pingu mimi mwenyewe, shemeji yangu wa kula naye meza moja. Sheria ya nchi hii inakataza kumwita mtu mchawi, sembuse kumpiga! Umati ulitufuata, ukavunja vioo vya gari na kutoboa magurudumu.

Kabwe alilala mahabusu, kisha akatoka, kwa kuwa kijiji kizima hakikuona kitu. Gari likabaki juu ya matofali nyuma ya kituo. Na watu walioliharibu wakaendelea kupiga simu kulalamika kwamba polisi wanachelewa. Nilipokea simu hizo mimi. Nilikuwa nawajibu kwa adabu!

Mulenga alifariki hospitalini siku ya Ijumaa. Nyumba yetu ikajaa waombolezaji. Nilikaa chini uani, kwenye mkeka katikati ya wanawake, kitambaa kichwani, sina magwanda, sina cheo, mwanamke aliyefiwa kama mwingine yeyote. Kulia kwangu alikaa Mama Kapeya, rafiki yangu. Tuliimba kwaya pamoja, tulianika dagaa pamoja, na mumewe alipomfukuza alilala kwangu. Siku ya maziko alikuwa ameushika mkono wangu tangu asubuhi.

Wenzangu wa kituo walikuja kulia nami. Kisha wakaitwa bandarini, boti lilikuwa limepinduka. Kabwe aliwasindikiza kwa macho mpaka wakapotea. Alingoja waondoke, wasomaji! Jeneza linalojua kila kitu lilingoja polisi waondoke!

Maziko yalikuwa yafanyike Mununga, kijijini kwa kina Mulenga. Lori la samaki lilikuwa limesimama barabarani, na jeneza likatolewa ndani ili lipakiwe. Kabwe alikuwa mbele. Halikwenda kwenye lori... Likaanza kuyumba. Wanawake wakapiga mayowe. Likazunguka uani, likarudi nyuma, likaja mbio, likanigonga kifuani palepale nilipokaa. Jeneza la mume wangu! Na mume wangu alikuwamo ndani!

"Ni yeye! Sanduku inajua mutu yake!" Kabwe akapaza sauti. "Polisi ni mulozi! Njo maana alikuwa nalinda balozi benzake!" Mulozi, yaani mchawi; balozi, wachawi.

Na hapo, kabla ya jiwe la kwanza, nilisikia mkono wa Mama Kapeya ukitoka mkononi mwangu. Taratibu... kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Sitaeleza yote. Mkono wangu ulivunjika, meno mawili yakatoka. Niliwaona walionipiga, nawajua kwa majina na kwa majina ya watoto wao. Kabwe alinipiga kwa mchi, na mchi wenyewe ulikuwa wa jikoni kwangu. Dada yangu aliwanyakua watoto akakimbia nao, hakusimama mpaka mji wa Mansa. Wenzangu walikuja kwa miguu, wanakimbia kutoka bandarini, kwa sababu gari mnajua lilipokuwa. Sajini Tembo alinilalia juu ili mawe yampate yeye.

Lori lilikuwa limeshaondoka. Nilipopata fahamu wodini, Mulenga alikuwa amekwisha kuzikwa. Bila mke, bila watoto!

Labda mnadhani polisi akiumizwa anakusanya wenzake wakamvunje mtu mbavu. Nilitamani, sikatai. Lakini mkubwa wangu alinikataza hata kuligusa faili. Akasema katika kesi hii mimi ni mlalamikaji, nitakaa benchi kama walalamikaji wote. Nikakaa benchi lile, mkono kwenye plasta, nikitazama kaunta yangu mwenyewe kwa upande wa pili.

Nilimsihi Sajini Tembo aseme alimwona Kabwe na mchi. Kichwani alikuwa na mshono alioupata kwa ajili yangu. Akanijibu kwa upole kwamba alipofika, Kabwe alikuwa ameshapanda lori. Akisema aliona, alisema, kesho atamwonea mtu asiye na kosa. Nilimchukia siku ile! Leo, katika mkasa huu wote, ndiye mtu pekee ninayemvulia kofia.

Kwa sababu angalieni wengine. Uani kwangu walikuwapo watu wa kujaza kanisa. Wenzangu walipita nyumba kwa nyumba. Huyu alikuwa amefumba macho anasali. Yule machozi yalimziba. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa ameinama anatafuta miwani yake. Miwani! Tangu nimjue hajawahi kuvaa miwani. Hivi watu wazima hawaoni haya?

Akabaki Mama Kapeya. Alikuwa amekuja wodini, akalia, akaniahidi kwamba ataeleza yote. Siku ya kesi alisimama mbele ya hakimu, akaapa kwa Biblia, akatazama sakafu.

"Miye nilikuwa nyuma ya nyumba, nilikuwa napika bukari," akasema. "Sikuone kintu."

Ugali! Mtu aliyekuwa ameushika mkono wangu anasema alikuwa anasonga ugali!

Neno langu peke yake halikutosha, Kabwe akaachiwa huru. Nje wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja, ambaye alikuwa kwenye mkeka uleule, akasema kwa sauti ili nisikie kwamba polisi hawa hata kesi yao wenyewe inawashinda, za watu wataziweza wapi? Nilisimama pale nikamtazama. Nilitaka kumtemea mate, nikayameza.

Siku zikapita. Nikamkuta Mama Kapeya njiani anatoka ziwani, beseni la dagaa kichwani. Nikamsimamisha, nikamwuliza kwa nini.

"Mama Mutale, usinikasirikie," akasema bila kunitazama. "Niliona yote. Lakini weye, bantu bakikuchukia, serikali itakupatia kazi fasi ingine. Miye batanipeleka wapi? Miye niko naikala hapa. Sanduku ya kesho iko nakuya kwa nani?"

"Ya leo ilikuya kwangu," nikamwambia. "Na mukono yako niliisikia."

Akalishika beseni, akataka kupita. Nikamwambia simwombi tena ushahidi, kesi imekufa. Lakini dada yangu, akikimbia na watoto, alimwona akipanda lile lori. Basi aniambie jambo moja tu, kaburi la Mulenga ni lipi, nikamlilie. Akageuza macho huku na huku. Njia ilikuwa tupu, hata mbuzi hakuwapo.

"Miye sikufike Mununga," akasema, na akaenda zake.

Nilikwenda mwenyewe. Pale makaburini palikuwa na matuta mapya mengi, maana msimu wa mvua ulikuwa umeua watu. Hakuna jina hata moja. Juu ya kila tuta waliacha kikombe au sahani ya marehemu. Kikombe cha Mulenga nakijua, cha bati, cha bluu. Hakikuwapo. Labda Kabwe anakinywea chai.

Karibu na hapo wanawake walikuwa wakipalilia mihogo. Niliwauliza kwa heshima, nikiwaita mama zangu. Wakasema wao ni wageni, hawajui waliozikwa pale. Wageni wote, katika mashamba yao wenyewe! Wakachukua majembe yao wakaondoka, mmoja mmoja, na mihogo haikuwa imekwisha.

Nikakaa chini kati ya matuta yale nikalia. Nilimlilia huyu, nikageuka nikamlilia yule... Mnajua ilivyo, kumlilia mumeo na hujui umwelekee nani?

Wasomaji wenzangu, nawaambia bila kuwabembeleza. Polisi si mganga wa kuona yaliyopita. Ana macho mawili, na mara nyingi yanafika mambo yamekwisha. Macho mengine yote ni yenu. Mkiyafumba, msiniulize kwa nini mwizi wenu anatembea barabarani. Anatembea kwa sababu mmemfungulia ninyi, na hakuna aliyewapa rushwa, mmemfungulia bure! Mnatudharau sisi tunaochelewa. Ninyi mliokuwapo tangu mwanzo tuwaiteje?

Ukiona mtu anapigwa, sema umeona. Sema hata kama humpendi. Sema hata kama ni polisi. Usidhani woga wako utakulinda, kwa sababu wanaobeba majeneza wanawapenda sana watu waoga, hao ndio wanaowagonga kwa raha.

Mama Kapeya alisema kweli kwa jambo moja. Serikali ilinipa uhamisho, barua ikaja, nyumba nzuri, mji mkubwa. Nimekataa. Kila asubuhi navaa magwanda yangu nakwenda kaunta, nawasikiliza haohao. Siondoki hapa kabla sijajua alipolazwa.

Lori lile lilijaa watu mpaka wengine wakaning'inia nyuma. Najua yupo mmoja wenu anayesoma maneno haya ambaye alikuwamo. Wewe njoo. Njoo kaunta, sema umekuja kuulizia mtumbwi uliopotea, sema lolote. Sitakuuliza jina, sitakuuliza nani alifanya nini, kalamu nitaiweka chini. Nionyeshe tu ni tuta lipi.