Neva ya Kwapani

Mikono ya mshonaneva, mashine ya upasuaji, ilishuka taratibu hadi kwapani mwa Nambua. Ilikuwa myembamba kuliko unywele, ikapenya ngozi bila kisu, na nchani ilibeba mwanga uliozifanya neva zing'ae kijani ndani ya nyama. Mashine hiyo, fahari ya hospitali mpya ya Dodoma, iliweza kushona neva isiyoonekana kwa macho. Lakini haikuweza kujua ni ipi inayouma. Hilo ilibidi mgonjwa aliseme mwenyewe, akiwa macho.

"Nitazigusa moja moja, mama," alisema Dakta Kokubanza, aliyeiongoza mashine. "Ukisikia ule moto wako, niambie."

"Gusa, mwanangu. Nimeuzoea."

Titi lake la kushoto lilikuwa limeondolewa miaka mingi nyuma. Saratani ikaisha, moto ukabaki. Neva iliyokatwa siku ile ilikuwa imeota kifundo kovuni, pale kwapani, na kifundo hicho hakikunyamaza kamwe. Hata uzito wa kanga ulimshinda. Mumewe, Elinami, alihamia kitanda kingine asije akamgusa usingizini.

Mashine ikagusa neva ya kwanza. Kimya. Ikagusa nyingine. Nambua akauma meno, machozi yakamtiririka hadi masikioni.

"Hiyo."

"Pole, mama. Lazima nihakikishe."

Akaigusa tena, na tena. Kisha akaisimamisha mashine.

"Kama nilivyokueleza, nikikikata kifundo na kuizika neva ndani ya msuli, moto utazimika. Ila ngozi ya hapa haitasikia mguso tena. Bado unakubali?"

"Nimechoka, mwanangu. Kata."

Ganzi ikaingia, mashine ikaendelea na kazi yake.

Kidonda kilipopona, alasiri moja Elinami aliketi kitandani kwa mkewe. Aliinyoosha mikono kwa woga, akauweka mmoja juu ya kovu.

"Unaumia, Mama Kiende?"

"Siumii."

"Unanisikia?"

Nambua aliutafuta mguso wake. Ilikuwa kama mkono huo umewekwa juu ya mwili wa mtu mwingine.

"Sikusikii, Baba Kiende."

Elinami akataka kuuondoa. Nambua akaushika, akaurudisha pale pale.

"Uache tu. Nauona."

Elinami akajilaza kando yake, juu ya mto mmoja. Usingizi uliwachukua mchana kweupe, kama watu waliotoka safari ndefu.