Swali la Dresa Ongodia

Kila asubuhi, mwaka huo wa 1966, Jerusha alichota maji ya zahanati ya Namboboto kabla ya kengele ya shule. Siku hizi alikwenda mbio na kurudi mbio, roho juu, kwa sababu ya dada yake Rael. Rael alikuwa amemzika mtoto wake mchanga, na tangu hapo mizaha yake yote iliisha. Jana alimvisha Jerusha shanga zake za harusi akasema, "Chukua. Mimi sina haja nazo tena. Nimechoka na dunia."

Jerusha alimwambia mama. Lo! Mama alimziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza! Jambo hilo halitajwi katika boma hili. Ukilitaja, unaliita!"

Leo, alipofika na debe lake, alimsikia dresa Ongodia, mhudumu aliyetibu wagonjwa hapo, akisema peke yake mbele ya mizani ya watoto. Ongodia alikuwa amerudi juzi kutoka mafunzo ya siku tatu huko Busia.

"Je, umewaza kujiua?" aliiuliza mizani. Akakohoa, akarudia. Jasho lilimtoka, maskini mzee wa watu.

"Unamwuliza nani, mzee?"

"Aa! Kumbe upo? Nafanya mazoezi. Tumefundishwa kumwuliza mgonjwa waziwazi, tumsikilize, tusimkemee, tusimwache peke yake. Lakini ulimi wangu unakataa kabisa!"

Jerusha alitua debe, akatimua mbio hadi nyumbani. Shule baadaye! Alimvuta Rael kwa mkono mpaka zahanati.

"Kichwa kinaniuma," Rael alisema, macho chini.

Ongodia alimtazama, akakohoa, kisha akafungua kabati la dawa za kichwa, kama alivyofanya mara mbili kabla ya mafunzo. Jerusha alishikwa na hasira.

"Mzee, mwulize lile swali! Uliiuliza mizani, sasa mwulize dada yangu!"

Ongodia alifunga kabati. Alivuta kigoda, akaketi karibu na Rael. "Binti yangu, je, umewaza kujiua?"

Jerusha alifumba macho, akingoja balaa aliyotishiwa na mama. Alisikia kilio tu.

"Ndiyo," Rael alisema. "Kila siku. Na hakuna aliyewahi kuniuliza."

Alisema mengi, na Ongodia hakumkemea wala kumtishia polisi, ingawa kisheria kujaribu kujiua kulikuwa kosa. Kisha alimwita mama, wakapatana kwamba Rael hataachwa peke yake hata kidogo. Kesho yake Ongodia mwenyewe alimpeleka kwa daktari Busia.

Ilipofika wakati wa kuvuna mtama, Rael alikuwa ameanza tena kuwatania watu. Jerusha alimrudishia shanga, naye Rael akazivaa akicheka na kulia.

"Kuuliza hakukuita kifo," Ongodia aliwaambia. "Kulimpa Rael nafasi ya kupumua. Nawe, Jerusha, ukiona mtu ameelemewa, mwambie mtu mzima. Wa kwanza akikuziba mdomo, nenda kwa wa pili."

Mama aliinama, akaushika mkono wa Jerusha. "Wa kwanza nilikuwa mimi," alisema. "Nisamehe, mwanangu."