Siri Iliyofika Bombani

Kila asubuhi kabla sijatoka kwenda shule, mama alinifunga vifungo vya sweta. Asubuhi za mtaani kwetu Lizaboni ni baridi, na ingawa nilikuwa darasa la sita, nilimwachia tu. Mimba yake ilipofika miezi sita, akaacha. Nilimsogelea kama kawaida, akanisukuma taratibu. "Niache kwanza, Honorata."

Shangazi Tabu, dada yake baba, alikuwa anakaa kwetu kwa sababu baba alikuwa shambani, kijiji cha Maposeni, anavuna mahindi. Alicheka. Akasema mimba imenikataa, kama nyingine zinavyowakataa waume, basi nikae mbali na mama mpaka ajifungue. Nikaamini. Wiki tatu nzima nilimwekea mama chakula mlangoni na kukimbia.

Mchana mmoja aliniita. Alikuwa amekonda, macho mekundu. "Mwanangu, usingizi siupati. Nikijilaza nalia, na sijui nalilia nini. Usimwambie shangazi yako, atanicheka."

Nilimwambia shangazi siku hiyohiyo. Sitajitetea, nilikuwa na hasira na mama.

Kesho yake bombani, jirani mmoja akamwuliza mama, mbele ya foleni nzima ya ndoo, kama usingizi wake umemfuata mume Maposeni. Wakacheka. Shangazi alicheka kuliko wote. Hao ndio waliocheza kwenye harusi ya mama, na mpaka leo nawakumbuka mmoja mmoja. Mama aliitua ndoo yake. Alinitazama mimi.

"Kumbe hata wewe."

Likizo ya Juni ilipoanza, tulimsindikiza kliniki. Nesi Sabra akamwuliza mama kama analala vizuri. Shangazi akawahi kujibu: "Wifi yangu huyu analala mpaka jua la utosini. Anadeka tu."

Mama akainamisha kichwa, kama mtu aliyekwisha kuzoea kusemewa. Nesi akaanza kuandika. Nikaona wazi kwamba akimaliza mstari ule, tutarudi nyumbani na mama atabaki hivyohivyo.

"Nesi, si kweli," nikasema. "Mama halali. Analia kila siku, na chakula anakirudisha."

Shangazi akanifinya, akasema niache mambo ya wakubwa. Nesi akakata mstari alioandika, akamwomba shangazi na mimi tusubiri nje kwenye benchi.

Alizungumza na mama muda mrefu, kisha akatuita. Akaeleza kwamba huko si kudeka wala uvivu. Ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito unaoweza kumpata mama mjamzito, na kukosa usingizi huuzidisha. Unatibika. Mama atakuja kuonana na mshauri kila wiki, kazi nzito apunguziwe, na baba apigiwe simu leo. Halafu, kwa kuwa mama alikuwa amemsimulia pia ile habari ya mimba kunikataa, akamgeukia shangazi.

"Mimba haina mdomo wa kumkataa mtu, dada. Ninyi ndio mliomkataa mwenye mimba."

Baba alirudi kesho yake. Akawa anachota maji mwenyewe, bombani palepale, na hakuna aliyecheka. Usingizi wa mama haukurudi kwa siku moja. Ulirudi kidogo kidogo.

Asubuhi ya siku shule zilipofunguliwa, mama alinivuta sweta, akaanza kufunga vifungo. Nikamwomba msamaha. Akaendelea kufunga mpaka kifungo cha mwisho, ndipo akasema.

"Nimekusamehe. Ila ushike hili, Honorata: siri ya mgonjwa hupelekwa kwa anayeweza kumsaidia. Haipelekwi bombani."