Uchafu Ndani ya Kalavati

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi moja aliyoichukia: kumwaga taka za jikoni. Alibeba ndoo kwa vidole viwili, mkono wa pili ukiwa puani. Baba yake, fundi bomba aliyeshinda kutwa kwenye vyoo vya watu, alimtazama akacheka.

"Wewe ungefaa uzaliwe na fundi saa, mwanangu."

Chiriku, aliyepewa jina hilo la ndege kwa ajili ya maneno yake mengi, aliharakisha kwenda jalalani. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na uchafu ulimtia kinyaa kiasi cha kukosa hamu ya chai.

Wiki hiyo mtaa ulijiandaa kukumbuka miaka kumi tangu kimbunga kipige. Mwalimu wa afya aliwapeleka wanafunzi kando ya barabara, akawaonyesha kalavati, lile bomba kubwa la zege linalopitisha maji ya mtaro chini ya barabara.

"Upepo uling'oa mapaa," alisema, "lakini waliokufa hapa waliuawa na maji. Kalavati hii ilikuwa imeziba kwa taka. Maji yalikosa njia, yakaingia majumbani. Watu kumi na tisa walikufa. Jumamosi tutasoma majina yao hapa. Kabla ya hapo nataka maji yapite."

Chiriku na wenzake watatu walipewa mdomo wa kalavati. Walipoinama kuchungulia, harufu iliwapanda kichwani. Nepi zilizovimba, mabaki ya chakula yenye funza, mifuko iliyojaa ute mweusi, na panya aliyekufa zamani, manyoya yakimtoka.

"Nyinyi nendeni mkapake mawe chokaa," aliwaambia wenzake. "Hapa niachieni."

Walishukuru, wakaondoka mbio. Chiriku alitazama huku na huku. Hakuvuta hata mfuko mmoja nje. Aligeuza reki, akausukuma uchafu wote ndani, mbali gizani, mpaka mpini wa reki ukaisha. Kisha akafagia mbele na kumwaga maji.

Mwalimu alichungulia akiwa amesimama juu barabarani. "Safi kabisa. Kazi hii wengi wangeikimbia. Jumamosi wewe ndiye utakayesoma majina."

Chiriku alisema ahsante. Usiku ule mama yake alipomsifu, mate yalimjaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika, akaenda kulala bila kumweleza ukweli.

Jumamosi asubuhi mvua ilinyesha. Haikuwa ya kutisha. Ilikuwa mvua ya kawaida ya nusu saa. Lakini Chiriku alipofika barabarani na baba yake, alikuta maji meusi yakirudi kutoka kwenye kalavati. Yalipita kati ya viti vilivyopangwa, yakabeba nepi na funza, yakaelekea kwenye chumba cha jirani yao, mshonaji waliyemwita Mama Cherehani.

Mlango ulikuwa wazi. Maji yalikuwa ya kifundo cha mguu tu, utando wa mafuta na uchafu wa vyooni ukielea juu yake. Mama Cherehani alikuwa amepanda juu ya meza yake ya kukatia vitambaa. Alishika nondo za dirisha kwa mikono miwili, macho yameganda kwenye maji.

"Shuka, dada," baba alimwambia taratibu. "Hayapandi zaidi ya hapo."

"Hata siku ile mlisema hayapandi," alijibu bila kumtazama.

Chiriku alijua habari hiyo. Siku ya kimbunga Mama Cherehani alishika nondo hizohizo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akamshika mwanawe wa miaka mitatu. Maji yalimnyang'anya mtoto.

Watu walianza kulaumiana nje. Mmoja alisema bomba ni bovu, mwingine akasema ni taka za mtaa wa juu. Mwalimu wa afya alitikisa kichwa. "Haiwezekani. Binti huyu alisafisha vizuri."

Chiriku aliutazama ute mweusi miguuni pake, na kwa mara ya kwanza kilichomtia kinyaa hakikuwa uchafu ule.

"Sikusafisha, Mwalimu," alisema. "Niliusukuma ndani. Nilidanganya."

Baba yake alimtazama, uso umekunjamana kama mtu aliyeonja kitu kilichooza. Kisha akaenda kuleta waya wake mrefu wa kuzibulia mabomba. "Haya," alisema. "Mimi nitausukuma kutoka upande wa pili. Wewe pokea huku. Kwa mikono."

Chiriku aliingia mtaroni. Alivuta mfuko wa kwanza, ukapasuka mikononi mwake. Alitapika, akajifuta mdomo begani, akavuta wa pili. Wenzake walishuka kumsaidia, naye mwalimu akakunja suruali akashika koleo. Baada ya saa nzima kalavati ilikoroma, na maji yakaanza kushuka.

Kisha Chiriku alikwenda kudeki chumba cha Mama Cherehani. Alisugua sakafu kwa sabuni mara tatu. Mwenye chumba alikuwa ameshuka mezani, ameketi akimtazama.

"Nisamehe, mama. Nitamwambia mwalimu amtafute msomaji mwingine."

"Utasoma wewe," Mama Cherehani alisema. "Mwanangu yumo kwenye majina hayo. Unajua nani alimuua? Si upepo peke yake. Ni sisi wapita njia tulioiona kalavati ile imejaa, tukaziba pua, kila mtu akasema mwingine ataondoa. Hata mimi nilipita hapo. Kuwalilia wafu mara moja kwa mwaka hakutoshi. Fanya kazi yako mpaka mwisho, hata pale ambapo jicho la mwalimu halifiki, na ukikosea, sema mapema, kabla maji hayajaingia kwa mtu."

Shughuli ilianza saa tisa badala ya saa nne. Chiriku alikuwa ameoga, lakini harufu ilikuwa bado imemganda kwenye nywele, na waliokaa mbele walisogeza viti nyuma kidogo. Mama Cherehani peke yake alibaki mahali pake. Chiriku alifungua karatasi, akasoma majina yote kumi na tisa, moja baada ya jingine, bila haraka.